Chupa Isiyo na Mdai

Kampuni nyingi zimetangaza kwamba zinataka uchumi wa mzunguko. Mhasibu mstaafu wa viwandani anafungua vitabu na kuonyesha zinakokwamia.

Miaka yangu mingi ya kazi niliitumia kufunga hesabu za viwanda vya vinywaji na vifungashio jijini Dar es Salaam, kando ya Barabara ya Nyerere, ambayo sisi wa umri huu bado tunaiita ya Pugu. Sikuajiriwa kulinda mazingira. Niliajiriwa kujua kila shilingi ilikotoka na ilikokwenda. Hata hivyo, kila wazo la kurudisha chupa, kupunguza taka au kutumia malighafi iliyorejelezwa lilipoingia kiwandani, safari yake iliishia mezani kwangu, na mengi yalizikwa papo hapo. Watu hudhani yalizikwa kwa uchoyo. Uchoyo ulikuwepo, sikatai, ila si huo ulioyaua mawazo yale. Yaliuawa na namna vitabu vilivyopangwa.

Tuanze na chupa ya kioo ya soda. Aliyekulia miji yetu miaka ya 1980 analikumbuka swali la mwenye duka kabla hajafungua friji: "Chupa unayo?" Kama huna, unakunywa hapohapo kibarazani, au unaacha hela ya chupa. Mwenye duka hakuwa mkali kwa kupenda. Yeye mwenyewe alikuwa ameacha amana kwa wakala, na wakala ameacha amana kiwandani, kwa kila kreti na chupa 24 zilizomo. Chupa ikivunjika kuna mtu amepoteza fedha yake, na anamjua aliyeivunja.

Kwenye vitabu vyetu chupa hiyo ilikaa upande wa mali, pamoja na mitambo na malori. Amana ilikaa upande wa madeni, maana siku yoyote wakala angeweza kushusha makreti getini na kudai chake. Kila mwisho wa mwezi tulihesabu: zilizoko ghalani, zilizoko kwa mawakala, zilizovunjika, zisizojulikana ziliko. Zisizojulikana zikizidi, mkurugenzi wa fedha aliuliza, na mtu fulani alilazimika kujibu. Chupa ya kioo ikitunzwa huweza kujazwa mara 20 na zaidi. Mji mzima ulitufanyia kazi ya kukusanya bila mshahara, na hakuna aliyeiita kazi hiyo kwa jina lolote la kimataifa.

Kisha ikaja plastiki.

Chupa ilipohama ukurasa

Chupa ya plastiki huanza ikiwa prifomu, kichupa kinene kifupi chenye shingo kamili, ambacho mashine hukipasha joto na kukipuliza hadi kikawa chupa. Kwa mhasibu, prifomu ni matumizi tu, kama gundi ya lebo. Huandikwa kwenye gharama za vifungashio, huingizwa kwenye bei ya kinywaji, na lori likishapita getini, ukurasa wake umefungwa. Hakuna amana, hakuna deni, hakuna wa kuuliza iko wapi.

Nisiwasingizie wakubwa wangu. Sababu za kuhamia plastiki zilikuwa na akili. Kioo ni kizito, na lori hubeba uzito wa chupa kabla halijabeba soda. Chupa iliyorudi huoshwa kwa maji ya moto na dawa kali ya kostiki, halafu hupitishwa mbele ya mwanga ili anayekagua aone kama kuna mende au kipande cha kioo ndani. Hayo yote hula umeme, maji, dawa na mishahara. Plastiki iliyafuta kwa siku moja. Nilipiga hesabu hizo kwa mkono wangu na zilikuwa sahihi kwa kila kilichokuwa ndani ya uzio wa kiwanda.

Ambacho hakikuwemo ni kilichotokea nje ya uzio. Halmashauri ililipia kuzoa na kupeleka dampo la Pugu Kinyamwezi. Wakazi wa Jangwani na bonde la Msimbazi walilipia mitaro iliyoziba, mvua za masika zilipofika. Gharama haikupungua, ilihama tu, kutoka kwenye vitabu vyangu kwenda kwenye vitabu vya watu wasiokuwa na nguvu ya kuturudishia ankara.

Hapo ndipo lilipo jambo ambalo nimeliona likijirudia katika kila kikwazo nitakachokitaja. Kampuni hulinda mali yake. Gharama iliyokwisha kulipwa haina mlinzi. Kitu hurudi kiwandani pale tu ambapo kuna mtu atakayepata hasara kisiporudi.

Kinachotafutwa ni nini hasa

Uchumi tuliouzoea huenda kwa mstari: chimba, tengeneza, uza, tupa. Uchumi wa mzunguko unataka kitu kikae kazini muda mrefu iwezekanavyo. Kwanza kitumike tena kama kilivyo, halafu kitengenezwe kikiharibika, halafu vipuri vyake vitumike kwenye kingine, na mwisho kabisa, yote hayo yakishindikana, kiyeyushwe na kuwa malighafi mpya. Kurejeleza, ambako matangazo hupenda kukutaja kwanza, ni ngazi ya mwisho.

Mafundi wetu hawahitaji semina juu ya hili. Gerezani hapa Dar na Gikomba kule Nairobi, watu huishi kwa kuligeuza pipa kuwa jiko na tairi kuwa katambuga. Lakini fundi wa Gerezani hununua chuma chakavu kwa fedha yake, asubuhi, akijua jioni atakiuza. Mnunuzi, mtengenezaji na muuzaji ni mtu mmoja. Kampuni kubwa ina idara tatu kwa kazi hizo hizo, na kila idara ina bajeti yake.

Kimataifa, maneno yanaongezeka na vitendo vinapungua. Shirika la Circle Economy la Amsterdam, ambalo hupima sehemu ya malighafi za dunia inayotokana na vitu vilivyorejeshwa, lilitangaza asilimia 9.1 mwaka 2018. Mwaka 2023 kipimo hicho kilikuwa asilimia 7.2. Katika miaka hiyo mitano sikumbuki kampuni kubwa iliyokosa ukurasa wa mazingira kwenye taarifa yake ya mwaka.

Kikao kisicho na kifungu

Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Utrecht, Uholanzi, wakiongozwa na Julian Kirchherr, walichapisha majibu ya watu 208 wa Ulaya, wafanyabiashara kwa watunga sera, kuhusu kinachozuia uchumi wa mzunguko. Wengi wangetarajia jibu liwe mashine au teknolojia. Haikuwa hivyo. Vikwazo vilivyotajwa kuwa vizito zaidi vilikuwa vya utamaduni: wateja wasiojali wala kufahamu, na kampuni zenyewe kusitasita. Vya teknolojia havikuwemo miongoni mwa vizito.

Neno utamaduni likitamkwa kikaoni watu hutikisa vichwa na kuagiza bango jipya la ukutani. Mimi naujua utamaduni huo kwa sura nyingine. Afisa manunuzi hupewa bonasi kwa kununua bei ya chini. Meneja mauzo hupewa kwa kuuza makreti mengi. Meneja usafirishaji hupimwa kwa gharama ya lita za dizeli. Hakuna hata mmoja anayepimwa kwa chupa iliyorudi. Kila mmoja akifanya kazi yake vizuri, chupa haitarudi.

Katika kiwanda kimoja nilichofanyia kazi, afisa mazingira wetu, binti aliyetoka chuo si muda mrefu, alileta pendekezo zuri. Malori yetu yanakwenda Morogoro na Dodoma yakiwa yamejaa na kurudi matupu, alisema. Kwa nini yasirudi na chupa? Meneja mauzo akalisifu na kusema si kazi ya mauzo. Meneja usafirishaji akaeleza kwamba malori hayarudi matupu: madereva hupewa mzigo wa kurudia, vitunguu kutoka Dodoma, na nauli ya mzigo huo huingia kwenye hesabu za idara yake. Chupa tupu zisizobanwa hujaza lori zima ilhali uzito wake ni mdogo sana, kwa hiyo angepoteza nauli ya vitunguu ili asafirishe hewa. Yule binti akanigeukia mimi.

"Shikamoo, mama. Tukinunua mashine ya kubana huko huko Dodoma, je?"

"Marahaba, mwanangu. Mashine hiyo nailipia kifungu gani?"

Hapakuwa na kifungu. Idara yake ilikuwa na bajeti ya vibali, ya vipimo vya maji taka na ya fulana za Siku ya Mazingira, tarehe 5 Juni. Vitunguu vilishinda kwa sababu vilikuwa na mwenyewe.

Mafuta yakishuka, chupa hubaki mtaroni

Kikwazo cha pili ni bei, na hiki watu wengi hukielewa kinyume. Wanadhani plastiki iliyorejelezwa lazima iwe rahisi kwa kuwa imeokotwa. Lakini aliyeiokota analipwa, aliyeipima kilo analipwa, na baada ya hapo kuna kuchambua, kuosha, kusaga, kukausha na kuyeyusha. Gharama hizo ni mishahara, maji na umeme, na hazishuki kirahisi. Plastiki mpya, kwa upande wake, hutokana na mafuta na gesi, na bei yake hufuata soko la dunia.

Tarehe 20 Aprili 2020, wakati dunia imefungiwa majumbani kwa sababu ya korona, bei ya mkataba wa mafuta ghafi ya Marekani wa mwezi Mei ilishuka hadi chini ya sifuri. Plastiki mpya ikashuka nayo. Mrejelezaji ambaye jana alikuwa akishindana na bei anayoiweza, leo anashindana na bei isiyolipa hata bili yake ya maji. Afisa manunuzi mwenye bonasi ya bei ya chini hana la kufikiria: anaagiza mpya. Mrejelezaji anapunguza bei ya kilo kwa wanaomletea, nao wanaona bora kuokota chuma. Chupa zinabaki mtaroni, na hakuna sheria wala mapenzi ya mazingira vilivyobadilika katikati.

Dawa ya hapo inajulikana kwa kila aliyewahi kusaini mkataba wa pamba au kahawa: mnunuzi na muuzaji wakubaliane bei ya muda mrefu isiyoyumba na soko la siku. Kampuni husitasita kwa sababu mpinzani wake anabaki huru kununua ya rahisi. Anayetangulia kufanya vyema ndiye anayebeba hasara peke yake.

Kifuniko huelea, lebo huzama

Njoo sasa kwenye mashine. Nimesema teknolojia si kikwazo kikuu, na ndivyo ilivyo. Ila maamuzi yanayofanywa ofisini kabla chupa haijazaliwa huweza kuifanya isirejelezeke.

Chupa ya maji imeundwa kwa plastiki aina ya PET, ambayo ni nzito kuliko maji. Kifuniko chake ni cha plastiki nyingine, nyepesi kuliko maji. Ukisaga vyote na kuvimwaga kwenye tangi, chenga za kifuniko huelea na za chupa huzama, na kila moja huchotwa peke yake. Ni utaratibu rahisi usiohitaji kompyuta. Sasa idara ya masoko ikiamua kuivika chupa lebo ya kubana ya plastiki aina ya PVC, inayong'aa na kuvutia, mambo yanaharibika. PVC nayo huzama. Ikifika kwenye joto la kuyeyushia PET, ambalo ni karibu nyuzi 250 za Selsiasi, huwa imeshaungua. Hutoa asidi na kuacha madoa ya njano na meusi. Lebo kidogo tu huweza kuharibu mzigo mkubwa.

Rangi nayo ni hivyo hivyo. PET isiyo na rangi ina wanunuzi wengi, kwa kuwa inaweza kupewa rangi yoyote baadaye. Ya kijani hubaki ya kijani. Mwaka 2022 Coca-Cola iliiondolea Sprite chupa ya kijani Marekani na kuitia kwenye chupa isiyo na rangi, baada ya miongo mingi ya kuiuza kwa rangi ile. Kilichohitajika ni uamuzi wa chumba cha masoko, wala si uvumbuzi wowote.

Kigumu zaidi ni kurudisha plastiki kwenye chakula. Kwetu chupa tupu haikai bure. Inabebea mafuta ya taa, sabuni ya maji, dawa ya kuua wadudu shambani. Mrejelezaji hawezi kujua ipi ilibeba nini, kwa hiyo ili PET iliyorejelezwa iwe chupa ya maji tena, lazima ipitie usafishaji wa kiwango cha juu, wa joto kali na mvuto wa hewa, unaotoa kilichonyonywa ndani ya plastiki yenyewe. Mtambo wa namna hiyo una maana kibiashara ukilishwa maelfu ya tani kwa mwaka. Ndiyo maana warejelezaji wengi huishia kuuza chenga, zikawa nyuzi za kujazia mito au mikanda ya kufungia mizigo. Nyuzi hizo ndizo mwisho wa safari. Mto ukichakaa hakuna anayeukusanya. Wengine walitegemea wanunuzi wa nje, hasa China, hadi Januari 2018 China ilipofunga mlango kwa plastiki chakavu ya wageni.

Tatizo la wingi haliko kwenye plastiki tu. Mkulima wa mkonge wa Tanga anajua kwamba nyuzi ni kama asilimia 4 tu ya jani. Kilichobaki hutoka kwenye korona, mashine ya kutenganisha nyuzi na jani, kikiwa rojo zito lenye maji. Kinaweza kutoa gesi ya kuzalisha umeme, na shamba la Hale lilijengewa mtambo wa kazi hiyo. Lakini rojo hilo halisafiriki. Lazima litumike palepale linapotoka, kwa hiyo shamba lililozoea kuuza nyuzi linatakiwa ligeuke pia kuwa kiwanda cha umeme, pamoja na mtaji, mafundi na mkataba wa kuuza umeme huo. Taka ikiwa karibu na mali haimaanishi kwamba mtaji nao uko karibu.

Risiti ya muokota makopo

Kikwazo hiki sijakiona kikiandikwa mara nyingi, pengine kwa sababu wanaoandika si wahasibu.

Kampuni ikiamua kununua chupa zake zilizotumika, itazipata kwa waokota makopo. Kati yao na kiwanda yuko mnunuzi wa mtaani, mwenye mzani na kibanda cha mabati. Kampuni kubwa hulipa baada ya siku 60, nyingine 90. Nilipomweleza hivyo mnunuzi mmoja wa Vingunguti, aliniangalia kwa huruma. "Mama, hao waliopanga foleni hapo nje wanakula leo." Yeye analipa taslimu kwa kila kilo, na mtaji wake hautoshi hata wiki mbili. Akisubiri malipo yetu, biashara yake inakufa akiwa anatudai.

Halafu kuna risiti. Mkaguzi wa hesabu haulizi kama chupa zilikuwa safi. Anauliza risiti ya EFD, ile ya mashine ya kielektroniki ya kodi, iko wapi. Muokota makopo hana mashine ya EFD, na wengi hawana hata namba ya mlipakodi. Gharama isiyo na risiti hukataliwa wakati wa kukokotoa kodi, maana yake kilo ileile ya chupa inakuwa ghali zaidi kwa kampuni iliyo halali. Kenya nako, tangu Januari 2024, gharama za biashara zinadaiwa ankara ya kielektroniki ya eTIMS ili zikubalike. Nia ya kanuni hizi ni njema, kila mtu alipe kodi. Lakini matokeo yake ni kwamba kununua prifomu mpya kutoka nje ya nchi kuna karatasi kamili, na kununua chupa iliyookotwa Buguruni kuna maswali.

Kampuni zinazofanikiwa hapa hufanya mambo mawili yasiyo ya ajabu. Huwapa wanunuzi wa mtaani fedha ya kuanzia, na hulipa kwa simu ili kila shilingi iache kumbukumbu. Kinachozuia nyingine kufanya hivyo ni kile kile: fedha ya kuanzia inahitaji kifungu, na kifungu kinahitaji mwenyewe.

Mitungi ya gesi ya Kenya

Huenda msomaji akasema: basi warudishe amana, kama zamani. Inawezekana, na bado tunaifanya. Mtungi wa gesi wa jikoni kwako ni wa kubadilishana. Dumu la maji la ofisini, lile la lita 18.9, ni hivyo hivyo. Lakini amana nayo ina mtego wake, na Kenya imetufundisha.

Mwaka 2009 Kenya ilitunga kanuni za kufanya mitungi ya gesi iwe na valvu ya aina moja, na kila kampuni ipokee mitungi ya wenzake. Mteja alifurahi: anakwenda na mtungi wa kampuni hii, anarudi na wa ile. Wauzaji wasio waaminifu walifurahi zaidi. Walijaza mitungi ya wengine vichochoroni bila kuikagua, wakauza kwa bei ya chini. Kampuni zilizonunua mitungi zikaona mali yao inawafanyia wengine biashara, na hatari ya mlipuko ikibaki na jina lao ubavuni. Kanuni za mwaka 2019 ziliondoa ulazima huo, na kumtaka anayejaza mtungi awe na ridhaa ya mwenye mtungi.

Funzo lake ni hili: chombo cha wote huzunguka vizuri pale tu panapokuwa na taasisi ya pamoja inayosimamia hesabu zake, nani ameweka vingapi na nani amechukua vingapi. Bila hivyo ni mali bila daftari, na wahenga walishasema hupotea bila habari.

Kumtafuta mdai

Sheria zetu zimeanza na marufuku. Rwanda iliondoa mifuko ya plastiki mwaka 2008, Kenya tarehe 28 Agosti 2017, Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019. Marufuku ina faida ya kueleweka na kila mtu, na mifuko ile kweli iliondoka sokoni. Lakini marufuku huondoa kitu; haikifundishi kurudi. Huwezi kupiga marufuku chupa ya maji katika mji ambao maji ya bomba huchemshwa kabla ya kunywewa.

Kenya imekwenda hatua ya pili. Sheria yake ya usimamizi endelevu wa taka ya mwaka 2022, na kanuni zilizofuata mwaka 2024, zinamtaka mzalishaji na mwagizaji wabebe wajibu wa bidhaa hata baada ya mteja kuitumia. Kwa lugha yangu ya kazi, zinairudisha chupa kwenye vitabu. Zina kazi ngumu mbele: mwagizaji mdogo anayepitisha mzigo mpakani bila kujisajili halipi kitu, na kampuni iliyojisajili inalipia hata taka za huyo asiyejisajili. Pia chupa zinazovuka mpaka kwenda kurejelezwa zinakutana na masharti ya Mkataba wa Basel, ambao tangu Januari 2021 unataka nchi inayopokea iridhie kwanza, isipokuwa plastiki iwe safi, imechambuliwa na inakwenda kurejelezwa kweli. Masharti hayo yana haki yake, maana nchi zetu zimechoka kutupiwa taka. Lakini kwa kanda ambayo hakuna nchi moja yenye chupa za kulisha mitambo mingi mikubwa, kila karatasi ya mpakani inapunguza tani.

Mfano ninaoupenda ni wa Norway, kwa sababu umeandikwa kana kwamba ulitungwa na mhasibu. Serikali hutoza kodi kwa kila kifungashio cha kinywaji. Kodi hiyo hupungua kadiri vifungashio vinavyorudishwa vinavyoongezeka, na vikifika asilimia 95 inafutika kabisa. Serikali haikuwaamuru wanavyopaswa kukusanya. Wazalishaji na wenye maduka walikaa wenyewe, wakaunda mfumo wa amana wa pamoja, na chupa tisa na zaidi kati ya kila kumi hurudi. Ujerumani iliweka amana ya lazima mwaka 2003, na leo chupa ya plastiki ya kutumika mara moja ina senti 25 za yuro juu yake. Viwanda vilikwenda mahakamani kuizuia, vikashindwa, na baadaye vikaizoea.

Sisi si Norway. Hatuna mashine za kupokea chupa katika kila duka, na hatuzihitaji: tuna watu wengi wanaoijua kazi hiyo na wana mizani tayari. Tunachokosa ni fedha iliyofungwa kwenye chupa tangu inapotoka kiwandani, ndogo kiasi cha kutomuumiza mnywaji na kubwa kiasi cha kumfanya mtu ainame kuiokota.

Mkurugenzi atasema fedha hiyo itapandisha bei ya maji. Nimewahi kuisikia hoja hiyo, tena nikiwa nimekaa upande wa meza unaoitoa. Jibu langu sasa ni kwamba fedha hiyo inalipwa tayari, na halmashauri inayozibua mitaro na mwenye nyumba wa bondeni anayenunua godoro jipya kila masika. Kinachokosekana ni ankara kumfikia aliyeitengeneza chupa. Siku itakapomfikia na kuonekana kwenye hesabu za robo mwaka, afisa mazingira hatahitaji tena kuomba lori. Meneja usafirishaji mwenyewe ndiye atakayepiga simu Dodoma, kuuliza kama chupa zimeshabanwa.